Kwa Nini Roosevelt Alishinda Uchaguzi wa 1936, Watu Wangali Hawana Kazi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa jioni wa wanachama, ikapigwa chapa kwa ombi la Bwana Mwandishi)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Mwandishi, na ndugu zangu wanachama,

Katika mazungumzo yetu ya mwezi uliopita, tuliyozungumza habari za njaa na utawala, ndugu wawili walisimama wakasema maneno yenye kupingana. Wa kwanza alisema kwamba mtawala aliyekutwa na shida ya fedha hana budi kuanguka, kwa kuwa mwenye njaa hamtazami mtu mwingine ila yule aliyeshika ufunguo wa ghala. Wa pili akajibu kwamba sivyo hata kidogo. Mtawala mwerevu hushinda kwa wepesi zaidi wakati wa shida kuliko wakati wa neema, maana kura ya mwenye njaa bei yake ni ndogo. Watu wakacheka, saa ikawa imekwisha, tukatawanyika. Nami nilipokuwa nikienda nyumbani niliona kwamba maneno yote mawili yana kweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalotosha. Ndipo nikamwomba Bwana Mwenyekiti anipe nafasi ya jioni hii.

Nimechagua habari moja tu, nayo ni ya Marekani, katika miaka ya ile Shida Kuu ya uchumi iliyoanza 1929. Nimeichagua kwa sababu hesabu zake zimeandikwa vizuri. Tena shida ile haikuwa ya Wamarekani peke yao. Bei za katani, pamba na kahawa zilianguka huku Afrika Mashariki nako katika miaka ile ile, na Serikali zikapunguza watumishi wake. Basi si habari ya mbali kama tunavyoweza kudhani.

Uchaguzi wa 1932 hauna fumbo, kwa hiyo nitaupita upesi. Herbert Hoover alichaguliwa kuwa Rais mwaka 1928 kwa ushindi mkubwa, akapata kura 444 za wajumbe wa uchaguzi, na mpinzani wake Al Smith akapata 87. (Wenzetu wale huhesabu hivi: kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe, na karibu kila jimbo huwatoa wajumbe wake wote kwa yule aliyeshinda kura za wananchi humo.) Hoover alikuwa mtu mwenye sifa njema, wakati wa vita vya 1914 ndiye aliyeongoza kazi ya kuwalisha watu wa Ubelgiji. Lakini mwezi wa Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na viwanda, mashamba na benki vikafuatana kuanguka kama ng'ombe watelemkao mtoni. Hata ilipofika 1933, watu kiasi cha milioni 13, yaani mmoja katika kila wanne wenye kufanya kazi, walikuwa hawana kazi. Wengine walijijengea vibanda vya mabati na mbao za makasha pembeni mwa miji, wakaviita Hooverville, kwa jina la Rais wao.

Si kweli kwamba Hoover alikaa bure akitazama. Mwanzo wa 1932 aliunda shirika la Serikali la kuzikopesha benki na makampuni ya reli. Lakini msaada wake ulipita juu kwa juu, kama mvua inyeshayo mlimani. Mtu wa kibandani hakuuona. Alichokiona ni askari. Katika majira ya joto ya 1932 wanajeshi wa zamani wapatao 20,000, baadhi yao na wake zao na watoto, walikusanyika Washington kudai bakshishi waliyoahidiwa kwa utumishi wao vitani, nayo ilikuwa haijafikia wakati wa kulipwa. Tarehe 28 Julai jeshi likawatoa kwa vifaru na singe, na vibanda vyao vikateketea kwa moto. Tarehe 8 Novemba Franklin Roosevelt akapata kura 472 za wajumbe, Hoover 59.

Ndugu yetu wa kwanza, basi, ana mashahidi, na hata nje ya Marekani anao. Scullin wa Australia alishika utawala Oktoba 1929, akaondolewa Desemba 1931. Bennett wa Kanada aliingia 1930, akaondolewa 1935. Kama ningekoma hapa, ingekuwa haki kumpa ushindi.

Lakini tazameni yaliyotokea tarehe 3 Novemba 1936. Roosevelt alikuwa amekwisha kutawala miaka mitatu na nusu. Watu kama milioni 9 walikuwa wangali hawana kazi ya kawaida, yaani karibu mmoja katika kila sita, na wale walioajiriwa katika kazi za msaada za Serikali wamo katika hesabu hiyo. Hiyo si neema. Nchi yenye hesabu kama hiyo, kwa kanuni ya ndugu yetu, ingemfukuza mtawala wake mara moja. Badala yake wananchi milioni 27 na zaidi walimpigia Roosevelt kura, na mpinzani wake, Alf Landon, Gavana wa Kansas, akapata milioni 16 na zaidi. Kati ya majimbo 48 Roosevelt alichukua 46. Landon alipata Maine na Vermont tu, na kura 8 za wajumbe dhidi ya 523. Kwa sababu gani?

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba watu hawaipimi hali yao kwa hesabu ya ofisi. Mtu aliyekuwa amezama majini hata puani, maji yakishuka yakamfika kifuani, hushusha pumzi na kumshukuru aliye karibu naye. Na mtu aliyekuwa majini hata kifuani, yakipanda yakamfika shingoni, hupiga kelele. Atazamaye kwa mbali atasema kwamba huyu wa pili na yule wa kwanza hawapitani sana. Bali wao wenyewe wajua tofauti. Uchumi wa Marekani ulikuwa umepanda karibu sehemu moja katika kumi kila mwaka, tangu 1934 hata 1936. Shimo lilikuwa refu mno, kwa hiyo hata kwa mwendo huo walikuwa hawajafika juu. Lakini kila mmoja alijua kwamba anapanda. Pamba iliyouzwa senti 6 na nusu hivi kwa ratili mwaka 1932 iliuzwa kama senti 12 mwaka 1936. Ngano iliyokuwa chini ya senti 40 kwa kipimo ilifika kama dola moja.

Roosevelt mwenyewe alilifahamu jambo hilo vizuri. Katika mazungumzo yake ya redio ya Juni 1934 aliwataka wasikilizaji wajiulize wenyewe kama hali yao ni afadhali kuliko mwaka uliopita, kama madeni yao yamekuwa mepesi, kama akiba yao ya benki iko salama zaidi. Angalieni maswali hayo yalivyo ya hekima. Hakuwauliza kama wameshiba. Katika uchaguzi wa Bunge wa mwaka huo chama chake kiliongeza viti katika mabaraza yote mawili, jambo lisilo la kawaida kwa chama kinachotawala.

Hapo nilipotaja benki yafaa nikae kidogo, maana naona kwamba ushindi wa 1936 ulianza kupandwa katika juma moja la Machi 1933. Roosevelt alipoapishwa tarehe 4 Machi, karibu majimbo yote yalikuwa yamezifunga benki zao au yamezuia watu wasitoe fedha wapendavyo. Maelfu ya benki yalikuwa yamekwisha kufa katika miaka mitatu iliyotangulia, na akiba za watu zikafa pamoja nazo. Fikirini ninyi wenyewe, mtu ameweka akiba yake miaka kumi, kisha afika mlangoni na kukuta kufuli na kijikaratasi. Rais akaamuru tarehe 6 Machi benki zote za nchi zifungwe. Tarehe 9 Bunge likapitisha sheria ya kuzikagua, kwa siku moja. Jumapili jioni, tarehe 12, akasema na watu katika redio, kwa maneno ambayo hata mtu asiyejua hesabu aliweza kuyafuata: benki hufanya nini na fedha zenu, kwa nini haiwezi kuwalipa wote kwa siku moja, zipi zitafunguliwa kesho na zipi zitangoja. Kesho yake benki zilizokaguliwa zikaanza kufunguliwa, na watu wakapanga safu. Lakini safari hii wengi walikuwa wakirudisha fedha zao.

Ndugu zangu, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kuwafanya watu walioumwa na benki wazirudishe fedha kwa hiari yao, kwa maneno ya dakika chache, lilikuwa jambo kubwa. Lakini maneno peke yake yasingedumu. Sheria ya Juni mwaka ule iliweka bima ya akiba, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1934: benki ikifa, mwenye akiba hulipwa na mfuko wa bima, hata dola 2,500, na baada ya miezi michache hata 5,000. Katika mwaka 1934 mzima benki zenye bima zilizokufa zilikuwa 9 tu. Hesabu ya wasio na kazi ilikuwa bado ya kutisha. Lakini mtu aliyekuwa amelala macho wazi kwa ajili ya dola zake mia mbili alilala usingizi.

Sasa naja kwenye jambo ambalo sisi watumishi wa Serikali twaweza kulifahamu kuliko wengine. Msaada wa Hoover ulikwenda kwa mashirika. Msaada wa Roosevelt ulikuja na jina la mtu juu ya karatasi. Vijana wasio na kazi waliandikwa katika jeshi la kutunza misitu na udongo. Kila mmoja alilipwa dola 30 kwa mwezi, lakini dola 25 katika hizo zilipelekwa kwa wazazi wake nyumbani. Hebu tazameni busara ya mpango huo. Kijana yuko msituni anapanda miti, haonekani; bali kila mwisho wa mwezi, katika nyumba isiyokuwa na mapato mengine, hufika hawala ya Serikali. Mama yule hahitaji kusoma gazeti ili ajue Serikali iko wapi.

Majira ya baridi ya 1933 yalipokaribia, Roosevelt alimpa Harry Hopkins kazi ya kuwaajiri watu upesi, na hata katikati ya Januari 1934 watu zaidi ya milioni 4 walikuwa katika orodha ya mishahara. Nani kati yetu aliyewahi kuandaa orodha ya mishahara ya watu mia mbili tu, akakesha? Mwaka 1935 ikaundwa idara kubwa zaidi ya kazi za umma, iliyojulikana kwa herufi WPA, na mwanzo wa 1936 ilikuwa na watu milioni 3 wakijenga barabara, madaraja, shule na viwanja vya ndege. (Idara za wakati ule ziliitwa kwa herufi tatu tatu au nne, hata watu wakazifanyia mzaha. Sisi makarani ugonjwa huo twaujua.) Wenye nyumba walioshindwa kulipa rehani, kama milioni moja, walipewa mkopo mpya wa Serikali wenye masharti mepesi, wakabaki katika nyumba zao. Wakulima walilipwa wapunguze eneo la kulima ili bei ipande. Na ingawa Mahakama ya juu kabisa iliitangua sheria hiyo Januari 1936, mkulima alikuwa amekwisha kupokea, na alijua ni nani aliyetaka kumlipa na ni nani aliyekataza.

Zaidi ya hayo watu waliweza kuandika barua. Wakati wa Hoover barua za kila siku za Ikulu ziliweza kupokewa na kupangwa na karani mmoja. Chini ya Roosevelt zilifika kwa maelfu kila siku, na makarani wakaongezwa kwa makumi. Wengi walieleza shida ya rehani, ya kazi, ya mtoto mgonjwa, na barua zikapelekwa katika idara zihusikazo zikajibiwa. Mimi naliamini jambo hili kuwa na uzito kuliko hotuba nyingi. Mtu aliyejibiwa barua yake, hata kama jibu ni fupi, hujiona kuwa ni mtu mbele ya Serikali.

Wenye neema hawakuyaona hayo, na hapa pana kichekesho. Gazeti moja lenye sifa kubwa, Literary Digest, lilikuwa na desturi ya kuuliza watu kabla ya uchaguzi. Mwaka 1936 lilipeleka karatasi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, nalo likatangaza kwamba Landon atashinda kwa wingi. Majina lilikuwa limeyapata katika vitabu vya simu na orodha za wenye motokaa! Tena waliojitaabisha kurudisha karatasi ni hasa wale waliomchukia Rais. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa; wala hana anwani yake. George Gallup aliuliza watu wachache mno kuliko hao, lakini aliwachagua kwa uangalifu ili wafanane na nchi nzima, akamtaja mshindi sawasawa. Gazeti lile lilikoma kutoka mwaka 1938.

Watu weusi wa Marekani, ambao habari zao hutugusa, walibadili njia katika uchaguzi huo. Tangu siku za Abraham Lincoln walikuwa wafuasi wa chama cha Republican, na mwaka 1932, ijapokuwa njaa iliwauma kuliko wote, wengi wa wale walioweza kupiga kura katika miji ya kaskazini walimpigia Hoover. Mwaka 1936 kiasi cha robo tatu walimpigia Roosevelt. Je, aliwatendea haki? Hapana, si kwa ukamilifu. Kusini, ambako wengi wao waliishi, walizuiwa hata kupiga kura. Fedha za kupunguza kilimo zililipwa kwa wenye mashamba, na wapangaji wengi, weusi kwa weupe, wakafukuzwa kwa sababu hiyo hiyo. Rais hakuisukuma Bungeni sheria ya kukomesha mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi, kwa kuwaogopa wajumbe wa kusini wa chama chake. Na sheria ya malipo ya uzeeni ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa nyumbani, ambao wengi walikuwa wao. Lakini katika Chicago na New York mtu mweusi aliingia katika ofisi ya kazi za umma akaandikwa, akalipwa. Kwa miaka mingi vyama vyote viwili vilikuwa vimemlipa kwa maneno. Mimi simlaumu mtu aliyepokea nusu ya haki akaipigia kura, wakati upande wa pili haukumtolea hata robo.

Sasa ndugu yetu wa pili atasimama na kusema: «Si ndiyo niliyosema? Kura zilinunuliwa!» Neno hili halifai kupuuzwa, maana wapinzani wa Roosevelt walilisema kila siku, na hata wachumi wa baadaye wamelipima. Mmoja wao, Gavin Wright, alionyesha mwaka 1974 kwamba fedha za msaada hazikugawanywa kwa kipimo cha dhiki peke yake. Majimbo ya kusini yalikuwa maskini kuliko yote, nayo yalipata kidogo kwa kila mtu, kwani kura zao zilikuwa za chama cha Rais bila shaka yoyote. Majimbo ya magharibi, ambako ushindi ulikuwa wa mashaka, yalipata zaidi, na Nevada ilipita yote. Huo ni ushahidi mzito, na asemaye kwamba Roosevelt alikuwa malaika hajui siasa.

Walakini neno «kununua» lina sehemu mbili, fedha na sharti. Mwaka ule ule palitokea jambo linaloonyesha kwamba fedha bila sharti nazo zilifanya kazi. Wale wanajeshi wa zamani waliofukuzwa Washington mwaka 1932 walipata bakshishi yao 1936. Roosevelt aliipinga! Alikataa kuitia sahihi, na Bunge likaipitisha juu ya kukataa kwake, Januari 1936. Mwezi wa Juni matarishi wa posta walizunguka wakiwapelekea wanaume zaidi ya milioni 3 hati zilizopita dola bilioni moja na nusu kwa jumla, nao wakazibadili, wakanunua motokaa, wakatengeneza nyumba, wakalipa madeni. Biashara ikachangamka miezi mitano kabla ya uchaguzi, na sifa akapata Rais aliyesema hapana. Kama kura zingekuwa bidhaa ya dukani, wale watu wangempa Bunge shukrani na Rais wangemnyima. Hawakufanya hivyo, kwa kuwa walikumbuka pia kwamba wenzao waliporudi Washington Mei 1933 Roosevelt aliwapa kambi na chakula, na mke wake Eleanor akaenda kuwatembelea.

Na fedha za upande wa pili hazikuwa haba. Matajiri wakubwa walimpinga kwa chama chao na kwa magazeti. Katika majuma ya mwisho waajiri wengine walitia vikaratasi ndani ya bahasha za mshahara, vikiwaambia wafanyakazi kwamba tangu Januari 1937 watakatwa senti moja katika kila dola kwa ajili ya malipo ya uzeeni, na kwamba hawana hakika ya kuziona tena. Vikaratasi havikusema kwamba mwajiri naye atatoa senti moja kwa kila dola. Wafanyakazi walivisoma, kisha wakampigia Roosevelt. Nadhani walijiuliza tangu lini tajiri amekuwa mlinzi wa mfuko wa mfanyakazi.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu zetu wawili ni hili. Roosevelt alishinda shida ikiwapo kwa sababu watu walipima mwendo wa maji wala si kina chake, na kwa sababu walijua kwa jina mkono uliowavuta. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Moja likikatika, ushindi nao hukatika. Na kwa bahati historia ilifanya jaribio hilo mbele ya macho yetu.

Mwaka 1937 Roosevelt alidhani mgonjwa amepona. Akapunguza matumizi ya Serikali, watu wakaondolewa katika kazi za umma, makato ya malipo ya uzeeni yakaanza, na benki kuu ikawa imekaza fedha. Maji yakapanda tena. Katika 1938 wasio na kazi walikaribia mmoja katika kila watano. Hesabu hiyo haikuipita sana ile ya 1936, wala haikufika ile ya 1933. Lakini safari hii mwendo ulikuwa wa kupanda shingoni. Novemba 1938 chama cha Rais kilipoteza viti zaidi ya 70 katika Baraza la Wawakilishi. Rais yule yule, redio ile ile, sauti ile ile.

Mwaka huo ndipo swali la ndugu yetu wa pili lilipogeuka kuwa swali la watu wa kazi yetu. Katika jimbo la Kentucky, Seneta Alben Barkley, rafiki wa Roosevelt, alishindana na Gavana wa jimbo, A. B. Chandler, nani awe mgombea wa chama chao. Magazeti yakafichua kwamba wakubwa wa kazi za umma walikuwa wakiwasukuma wafanyakazi wao wamuunge mkono Barkley. Na upande wa Gavana nao ulishtakiwa kwamba uliwatumia watumishi wa jimbo vivyo hivyo. Barkley akashinda. Lakini fikirini hali ya karani wa ofisi ndogo ya Kentucky. Jana alikuwa akimwandika mtu kazini kwa sababu mtu hana chakula. Leo mkubwa wake ampa orodha nyingine na kumwuliza huyu yuko upande gani. Karatasi ni ile ile, meza ni ile ile, muhuri ni ule ule; bali kazi si ile tena. Na mtu anayesubiri dirishani, hata kama hakuambiwa neno, ameisha kufahamu.

Seneta Carl Hatch wa New Mexico alileta sheria, na Roosevelt aliitia sahihi tarehe 2 Agosti 1939. Sheria hiyo ilikataza mtu yeyote kuahidi au kunyima kazi ya msaada kwa ajili ya kura, na ikawakataza watumishi wa Serikali kuu, isipokuwa wakubwa wachache wa juu, wasishiriki katika kampeni za vyama. Watumishi wengine walilalamika kwamba wamenyang'anywa haki ya raia, nayo ni hoja ya kweli. Ubishi uliendelea miaka mingi, hata mwaka 1993 sheria ikalegezwa, wengi wao wakaruhusiwa kushiriki nje ya saa za kazi, lakini kamwe si mezani pa Serikali. Mimi mwenyewe ningekubali kupoteza sehemu ya haki yangu ya jukwaani ili mtu wa dirishani asiwe na shaka nami. Najua wapo humu wasiokubaliana na hilo, na Bwana Mweka Hazina amekwisha niambia nje, kabla hatujaingia, kwamba anayo majibu.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha kusema niliyokuwa nayo. Nawaachia nafasi mabwana wenye maswali, nikianza naye.